Bibi wa Korea, Bibi wa Uturuki, na Mimi

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi ya vidole asubuhi. Kukunja, kukunjua. Kukamua kitambaa chenye maji. Kisha kuandika. Binti wa mazoezi pale hospitali alisema niandike chochote kila siku ili mkono wa kulia urudi. Nilimwambia shule sikukanyaga, herufi nilijifunzia kanisani, darasa la kina mama, tayari nina watoto. Akasema hata majina ya mboga yanatosha. Mboga zimeisha jana. Leo naandika sizoni ninayoitazama.

Sizoni ni ya Kikorea. Anayeitafsiri ni Minza, mjukuu wangu. Nimemlea mimi tangu mama yake, binti yangu, afariki. Kutafsiri ndiyo kazi yake. Anakaa kwenye kijichumba huko Buzuruga, magodoro yamepigiliwa ukutani, anasoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha na kusema Kiswahili juu yake. Sauti zote yeye. Mwanaume yeye, mwanamke yeye, mbwa akibweka anamsemea. Vibanda vya muvi vinagombania kazi zake. Mimi ananiletea kwenye flashi kabla ya watu wote.

Msichana fukara, amelelewa na bibi yake muuza supu. Kijana wa hoteli kubwa anampenda. Mama wa kijana hataki. Ndiyo hiyo tu. Lakini bibi! Bibi yule ana mdomo. Leo kamfukuza mama wa hoteli mlangoni kwa kumrushia chumvi. Nilipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja.

Masanja kapiga simu. Mwanangu wa Dodoma. Anataka nikapumzike kwake, mwezi mmoja. Tangu nilipoanguka kwenye ngazi za jiwe nyuma ya jiko, nikavunja mkono, haachi wimbo huo. Na Minza mwezi ujao anakwenda Dar, studio kubwa imemwita. Nitabaki peke yangu. Najua. Sihitaji kuambiwa na kila mtu. Nyumba hii ya Kiseke, hapa Mwanza, nimeijenga kwa kuuza dagaa, tofali kwa tofali. Sitoki.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefagia ua. Nimefagia tena. Upepo wa ziwa, vumbi linarudi kama lina hati ya kiwanja.

Bibi wa Korea amekohoa. Sijakipenda kikohozi kile. Kwenye sizoni mtu hakohoi bure.

Jumamosi, 7 Juni

Bibi wa Korea amesafiri. Minza katangaza vizuri: bibi ameamua kurudi kijijini kwao, ndugu na marafiki wamekusanyika kumuaga. Wote wamevaa nyeusi. Wameweka picha yake kubwa, imezungukwa na maua meupe. Kila anayeingia anaisujudia picha, halafu anakaa chini anapewa supu na kinywaji.

Nikauliza mbona bibi mwenyewe haonekani. Minza akasema ameshapanda basi. Nikauliza mbona wanalia hivyo. Akasema, Bibi, si hata wewe ulilia stendi siku ile nakwenda chuo?

Kweli nililia. Nililia mpaka kondakta akaniletea maji.

Basi Wakorea wanajua kuagana. Chakula, nguo za rangi moja, na picha mnabaki nayo. Sisi tunampa mtu karanga, tunampungia mkono, tunarudi kupalilia. Nimempigia Masanja papo hapo. Nimemwambia, sikiliza, siku nikiondoka nyumba hii nataka kuagwa sawasawa. Mvae nyeusi. Picha kubwa, maua meupe, watu wale washibe. Akanyamaza. Nilidhani ni mtandao.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani nimewaeleza kina mama habari ya kuagwa kwangu, picha na maua. Mmoja akasema, Mungu apishie mbali. Mwingine akanishika bega. Wivu. Watoto wao hawana mpango wa kuwaalika popote.

Masanja anapiga simu asubuhi na jioni sasa. Anauliza kama nimekula. Nimekula! Mtu mzima haulizwi hivyo.

Jumanne, 10 Juni

Bibi hajarudi. Sehemu baada ya sehemu, hajarudi. Kijiji gani hicho. Msichana anaongea na ile picha jikoni badala ya kupiga simu. Nimemwambia Minza, huyu mtoto hana adabu, ampigie bibi yake. Minza akasema huko kijijini hakuna mtandao. Korea! Simu zenyewe wanatengeneza wao.

Siwezi kukaa. Nikikaa naona ngazi. Nikisimama naona ngazi vilevile.

Ijumaa, 13 Juni

Kutwa nimeshinda kwa Ma Koku, jirani yangu. Mhaya, nesi mstaafu, mjane kama mimi. Amepanga chumba kimoja chini ya mlima na ana kisimbuzi chenye chaneli mpaka za watu wasiovaa viatu. Kumbe Waturuki wameichukua hadithi ileile ya Korea wakaicheza kwao. Hoteli ileile, mama yuleyule, bibi naye yumo. Huko anauza mikate. Imetiwa Kiswahili na watu wengine kabisa, si Minza.

Tumelinganisha mpaka chai ikapoa. Korea, kijana anataka kumshika msichana mkono. Nimepika, nimekula, nimeosha sufuria, bado anauangalia mkono. Ila wana heshima wale. Wanapokea kitu kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa sisi. Uturuki hawashikani wala hawaachani. Wanatazamana. Muziki. Wanatazamana. Unaweza kwenda Igoma sokoni na kurudi, wanatazamana. Wahindi nao waliicheza, Ma Koku aliiona mwaka jana. Huko mtu akisema neno radi inapiga, halafu wanaonyesha nyuso za ukoo mzima moja moja, hadi mlinzi wa getini. Na bibi wamemhamishia upande wa kijana, tajiri, funguo zote za jumba anazo kiunoni.

Ma Koku anasema ya Uturuki ndiyo bora kwa sababu nyumba zao ni safi. Nikamwambia, wewe Mhaya hata msibani ukienda unakagua pazia. Akasema, na nyie Wasukuma hata pazia mnalivaa. Tulicheka mpaka mkono ukauma.

Lakini nimeliona jambo. Mama wa kijana hakuna nchi iliyombadilisha. Mkorofi kotekote. Wale wawili wataoana, hilo halina swali, wana meno mazuri. Bibi ndiye kila nchi inamkata upya, kama kitenge kikienda kwa fundi mwingine. Kwa hiyo mimi namwangalia bibi tu. Nataka kujua wanamfanyaje.

Jumatatu, 16 Juni

Bibi wa Uturuki amekufa leo.

Alikohoa, akalala, akafa. Wakamzika mchana, wanaume wamebeba jeneza mabegani. Kiswahili kilisema waziwazi: bibi amefariki dunia. Nikamwambia Ma Koku, afadhali yule wa Korea aliyerudi kijijini. Ma Koku akaweka kikombe chini.

"Kijiji gani, dada?"

"Si alipanda basi. Walimuaga kwa picha na maua."

"Dada. Ule ulikuwa msiba. Ndivyo wanavyofanya misiba yao. Nilishaiona yote mimi, ya mtafsiri mwingine."

Ma Koku akauliza taratibu, "Na mwanao ndiye uliyemwambia unataka kuagwa vile?"

Nimemwambia mwanangu, na nimewaambia kina mama kanisani, na mwenye duka wa pale kona nimemwambia achague soda. Nimetangaza mazishi yangu Kiseke nzima na tabasamu usoni.

Jumanne, 17 Juni

Minza kaingia na shikamoo yake nzuri. Sikuitika. Sijawahi kutoitika. Akajua.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema alipokuwa anairekodi nilikuwa bado na plasta, nilikuwa sili, kila nikilala nasema nyumba imeniangusha. Bibi wa Korea alipokufa ulimi ukamkataa. Akaingia kwenye kijichumba chake akamtafutia basi. Akarekodi mbili. Moja ya kweli, ya vibandani, moja yangu.

Moja yangu! Kama uji wa mgonjwa.

Nimemwambia hivi. Wewe umenidanganya huku picha iko mbele ya macho yangu. Sasa yale yasiyo na picha umenidanganyaje? Nilisema kwa hasira tu. Sikutegemea jibu. Lakini akainamisha kichwa, na mimi kichwa kile nimekiogesha, nakijua.

Akasema yote. Dodoma si mwezi mmoja. Ni moja kwa moja. Mjomba wake ameshampata mpangaji wa nyumba hii, familia ya mtu wa ofisini, wanataka kuingia mwezi wa saba. Masanja na mkewe wanafika Jumamosi. Walikuwa waje mwishoni mwa mwezi, lakini ile simu yangu ya maua meupe imewaharakisha.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda basi.

Jumatano, 18 Juni

Sina la kuandika. Vidole vimejikunja vyenyewe, ngumi.

Alhamisi, 19 Juni

Nilishuka mwaloni Kirumba, soko la samaki ufukweni. Peke yangu, na mkono wangu. Sikuwa na cha kununua. Nilitaka harufu. Dagaa wameanikwa, wanawake wameinama, hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Mmoja alinipigia kelele, bibi unakanyaga mali! Nikafurahi. Mtu wa kukanyaga mali bado ni mtu.

Nimerudi nimechoka. Nimekwenda mpaka ngazi za nyuma nikazitukana. Kisha nikapanda taratibu nimeshika ukuta. Kweli ni mbaya. Sijidanganyi.

Ijumaa, 20 Juni

Minza ana kazi mpya, hadithi ileile imechezwa Ufilipino. Akasema, Bibi, nitakutafsiria hapahapa, neno kwa neno, wewe ukiniangalia mdomo. Nikasema tuone.

Bibi wa Ufilipino anaanika samaki ufukweni! Kwenye chanja, kama kwetu. Ana miguu mibaya na matusi mazuri. Huko hafi. Nilimtaka Minza aape, akaapa. Msichana anapata kazi mjini, anakuja kumwambia bibi yake. Minza akaanza kumsemea yule msichana. "Bibi, naondoka." Hapo sauti ikakatika. Akasimamisha picha. Wale wawili wakabaki wamegandishwa kwenye kioo, samaki mikononi.

Nikamwambia, endelea. Akasema, siwezi. Nikasema, kazi yako ni nini? Basi akaendelea, anafuta pua kwa mkono wa gauni. "Bibi, naondoka." Akanisemea na yule bibi: "Nenda. Nani kakuzuia? Ila usinifanye mjinga kwa kuniambia unarudi Jumapili."

Nimemuuliza kama hilo limeandikwa kweli pale chini. Akanionyesha kwa kidole. Kiingereza sikijui. Uso wake naujua. Limeandikwa.

Shikamoo yake ya usiku niliitika.

Jumamosi, 21 Juni

Wamefika. Masanja kanenepa. Nimefurahi kumwona, sitasema uongo, nimemshika masikio yote mawili kama mbuzi wa mnadani. Mkwe wangu, mama Bahati, kaniletea sweta. Dodoma kuna baridi mwezi wa saba, anasema. Sweta zuri. Nimeliweka juu ya kochi sikulijaribu.

Masanja kazunguka nyumba anatazama dari, anatazama mabomba. Si kwa macho ya mtoto aliyezaliwa hapa. Kwa macho ya mtu anayekabidhi.

Kikao kesho baada ya ibada. Wanadhani sijui ni kikao cha nini. Nimewapikia sato mkubwa. Hasira yangu haijawahi kumnyima mtu chakula.

Jumapili, 22 Juni

Niandike vizuri, yote, kama yalivyokwenda.

Tulikaa sebuleni. Masanja, mkewe, Minza kwenye mkeka miguuni pangu, mimi kwenye kiti cha marehemu mume wangu. Masanja akaomba, akamaliza, akaanza Kiswahili kitamu. Mama, hewa ya Dodoma. Mama, daktari bingwa. Mama, mwezi mmoja tu. Nikasema, na baada ya mwezi? Akamwangalia mkewe. Wakageukia Kiingereza.

Ndivyo walivyo. Tangu wajukuu wakiwa wadogo, jambo likiwa gumu linapanda Kiingereza, mimi nabaki chini natabasamu kama mgeni. Leo nikamgusa Minza bega kwa mguu.

"Fanya kazi."

Akaniangalia. Halafu ikatoka sauti ile ya studio, nene, ya vibandani, ikajaa sebule:

"Hapa jamaa anamwambia mkewe, tusimwambie sasa, atagoma. Tumpeleke kwanza, akishafika atazoea. Mke anajibu, sawa, lakini mpangaji anataka funguo wiki ijayo."

Mama Bahati kaziba mdomo.

"Minza!" Masanja kasimama. "Umerogwa?"

"Jamaa amekasirika," Minza kasema, sauti ileile, "anauliza kama mtafsiri amerogwa."

Mama Bahati alianza kucheka, Mungu ambariki. Alicheka kwa kujizuia, mabega yanaruka. Mimi sikucheka bado. Masanja akamnyooshea Minza kidole akamsemesha Kiingereza kirefu, harakaharaka, kwa ukali. Katikati ukali ukaisha. Akawa anasema polepole. Akakaa. Alikuwa anaangalia sakafu.

Minza alichelewa. Nikamgusa tena. Safari hii sauti ya studio haikuja, ilikuja yake.

"Anasema, mimi unadhani sina moyo? Simu ikilia kutoka Mwanza naogopa kuishika. Naiacha ilie kwanza, naomba Mungu, ndiyo napokea. Naota nimefika hapa mlango umefungwa kwa ndani, jikoni kinaungua kitu. Na sasa ameanza kupanga mazishi yake mwenyewe. Picha, maua meupe. Anayasema huku anafurahi. Anasema, mama yangu anakufa na ananiaga kwa simu, nifanyeje?"

Mtoto wangu. Ndevu zina mvi. Kwa Kiswahili hakuweza kuniambia hilo, kwa Kisukuma ndiyo kabisa. Ilibidi alipeleke mbali likarudi kwa mdomo wa mtoto.

Hapo Minza akapiga magoti akaeleza habari ya bibi wa Korea. Basi lake, kijiji chake. Kwamba mimi nilikuwa naagiza sherehe, sikuagiza jeneza. Masanja alimsikiliza mdomo wazi. Akanigeukia.

"Kwa hiyo hufi?"

"Nitakufa, mjinga wewe. Si wiki hii."

Tukacheka wote, hovyo, mama Bahati akalia kabisa. Masanja akaja akakaa mkekani, akaniita mayu, kama alivyoniita kabla hajajua kuna neno mama. Nikamwekea mkono kichwani, sikuuondoa.

Lakini sikukubali kitu. Nilisema hivi: uongo wenu nimeusamehe, wote, hata wa basi. Hofu yako nimeisikia na ni ya kweli, ngazi zile zitaniua. Nipe siku chache nitafute njia yangu. Nikishindwa nitakuja Dodoma, na sweta nitavaa. Mpangaji mwambie ukweli leo, kwa lugha anayoijua.

Akampigia palepale.

Jumatatu, 23 Juni

Nimesema nitatafuta njia. Njia gani? Mdomo wangu unakimbia kuliko miguu.

Minza kajitolea asiende Dar. Nimemfukuza jikoni na mwiko. Nimekulea uwe na sauti, siyo uje unisemee mimi tu.

Siwezi kulala mchana, siwezi kukaa. Nimepanga vyombo kabatini, nimepangua.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda kwa Ma Koku kumwomba ahamie kwangu. Nimesema tu, mlangoni, kabla ya salamu. Vyumba ninavyo. Wewe umepanga chumba, mimi nimepanga na ngazi. Njoo.

Akakataa. Kwa adabu ya Kihaya, yaani kwa hotuba. Kwamba yeye si wa kuhurumiwa. Kwamba kwao Bukoba mtu hahamii kwa mtu na masufuria yake. Kwamba mimi nakoroma, amesikia toka kwake.

Nikaudhika nikaondoka. Nikafika kona, nikarudi. Nikamwambia, sikuja kukuhurumia wewe. Nahurumiwa mimi. Mwanangu hataogopa simu nikikaa na nesi. Nina mkono mbovu na ngazi mbaya na nikianguka tena nataka kuokotwa na mtu ninayemtania. Ukikataa, wiki ijayo niko Dodoma nimevaa sweta na hakuna hata mtu mmoja kule atakayenibishia kuhusu Waturuki.

Nililia kidogo. Nilikasirika kulia.

Ma Koku akaangalia paa lake. Akasema ndizi zitapikwa kwenye nyumba hiyo kila wiki, si kama mboga, kama chakula. Nikasema ndizi si chakula. Akasema basi kwaheri. Nikasema zitapikwa.

Jumamosi, 28 Juni

Masanja aliposikia nesi anahamia kwangu alikubali nibaki, akaleta fundi kabla hajaondoka. Jiko limehamishiwa chumba cha mbele, ngazi za nyuma zimefungwa kwa mlango wa mabati. Jiko la kuni nalo nimeliaga. Iliuma. Sikupiga kelele.

Mama Bahati kakunja lile sweta akaliweka kabatini kwangu. Akasema, Mama, libaki tu, ni zuri. Nimemwambia ukweli: limenipenda na mimi nimelipenda. Kakohoa kacheka. Sikujua ni mtu wa kucheka. Miaka yote Kiingereza kilikuwa kimemficha.

Jumanne, 1 Julai

Minza ameondoka na basi la alfajiri. Sikwenda stendi, nimemuagia mlangoni. Nilimwambia asinidanganye atarudi lini. Akasema hajui atarudi lini. Nikasema, umeona, hukufa.

Nyumba imelia kidogo. Mimi zaidi.

Mchana Ma Koku kahamia, na kitanda, kisimbuzi, picha ya marehemu wake mwenye tai, na masufuria mengi kuliko ya wake wawili. Tumeshagombana mahali pa kuweka meza.

Jumapili, 6 Julai

Upepo umetulia. Baada ya kanisa tumekata viazi vitamu vya kukausha michembe, mimi na Ma Koku, tumevitandaza juu ya jiwe mbele ya nyumba. Kisu nakishika sasa. Vipande vyangu ni vinene, vyake ni kama dawa, vimepimwa. Ziwa lilikuwa linaonekana mpaka visiwani.

Saa ya Masanja kupiga haijafika. Nikampigia mimi. Akapokea mara moja, hakuiacha ilie.

Nikasema, nipo.

Akasema, haya mama.

Nikakata, nikarudi juani. Viazi vimekauka upande mmoja. Kesho tutavigeuza.